Maelezo ya Upishi wa Kila Siku: Uhakiki

Mhakiki wa Kiswahili akitajiwa kazi ya kuhakiki, fikra zake hukimbilia riwaya, tamthilia na ushairi. Hilo si kosa, lakini lina hasara yake, kwa sababu maandishi ambayo mwanafunzi atayahitaji siku nyingi za maisha yake si riwaya wala utenzi. Ni barua, ni taarifa, ni maelezo ya namna ya kufanya jambo. Katika ukurasa huu twapenda kuyatazama maandishi ya aina hiyo ya mwisho, na miongoni mwake tumechagua yale yanayodharauliwa kuliko yote, nayo ni maelezo ya upishi wa nyumbani. Hatusemi juu ya upishi wa karamu, pilau ya harusi na biriani. Huo una wasemaji wake, tena wengi. Twasema juu ya maharage, sombe, dagaa na ugali, vyakula vinavyopikwa siku nenda siku rudi na watu ambao hawajapata kuulizwa na mtu yeyote wanavipikaje.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, yaani Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, tunakutana na maandishi haya mara kwa mara. Insha yenye kichwa "Eleza jinsi ya kupika chakula unachokipenda" ni insha ya lazima, karibu sawa na ile ya "Safari yangu". Na madarasa yanaongezeka. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakihesabu miongoni mwa lugha nne za taifa. Basi insha za upishi zitazidi kumiminika juu ya meza zetu, na tunaona ni vyema kusema waziwazi kwamba nyingi ya zile tunazozisoma, pamoja na vielelezo vya vitabuni ambavyo wanafunzi wanaviiga, ni maandishi mabovu. Zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Hebu tutazame mfano. Tumeutunga wenyewe kwa kufuata mtindo wao, ili asiaibike mwanafunzi wala mtunzi wa kitabu chochote:

"Chukua maharage vikombe viwili. Osha. Weka katika sufuria. Weka maji. Pika kwa dakika 40. Chukua kitunguu kimoja na nyanya mbili. Kata. Weka mafuta katika sufuria nyingine. Weka kitunguu. Weka nyanya. Weka maharage. Weka chumvi. Pika kwa dakika 10. Chakula chako kikuu kiko tayari."

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataipitia kazi hii asione pa kuitia alama. Ngeli ziko sawa, tahajia iko sawa, nukta ziko mahali pake. Hapo ndipo penye hatari. Kazi isiyo na kosa la sarufi hupita, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba amekiandika Kiswahili, ilhali aliyoandika ni orodha ya vitu iliyochomekwa vitenzi viwili vitatu ili isimame.

Tuanze na neno "weka". Limetokea mara saba. Katika Kiswahili, kitu kinachoingia ndani ya kitu kingine hutiwa: chumvi hutiwa, maji hutiwa, kitunguu hutiwa. Kuweka ni kukalisha kitu mahali, au kukihifadhi. Mtu akiambiwa "weka chumvi" ana haki kabisa ya kuirudisha kabatini. Tunajua kwamba katika mazungumzo ya mjini "weka" imekwisha kulivamia eneo la "tia", na hatuna nia ya kupigana na mto unaoteremka. Lakini mara saba katika mistari michache si mazoea ya mazungumzo, ni ufukara. Sufuria haiwekwi motoni tu, bali huinjikwa, au hutelekwa, au hubandikwa, na msemaji huchagua kulingana na alikokulia. Mafuta humiminwa. Maharage huchambuliwa kabla ya kuoshwa. Kitunguu humenywa ndipo kikatwekatwe. Chakula kikiiva chungu huepuliwa, kikatuliwa, na chakula kikapakuliwa.

Na "chukua"? Neno hili limetoka katika vitabu vya lugha nyingine, ambako mpishi huamriwa kwanza akusanye vitu vyake. Mpishi wa kwetu haamriwi kuchukua maharage. Maharage anayo, na kwa siku nyingi hana kingine. Anachohitaji kuambiwa ni atayafanya nini.

Ndugu zetu walimu watatwambia kwamba tunawataka watoto wa Bukavu na Kigali wasome msamiati wa jikoni la Unguja. La. Twasema tu kwamba jikoni ndiko mahali ambapo baadhi ya kanuni za sarufi tunazozihangaikia ubaoni zinaonekana kwa macho. Chukueni kinyume cha kitenzi, kile kiishiacho kwa -ua. Darasani tunafundisha funga na fungua, tena na tena, mpaka mwanafunzi anadhani hakuna jozi nyingine duniani. Jikoni kuna funika na funua, bandika na bandua, teleka na telekua, na kila jozi ina chungu chake na mkono wake. Mwanafunzi aliyewahi kufunua sufuria ya ndizi akapigwa na mvuke usoni hana haja ya kuelezwa maana ya -ua.

Kitenzi tunachokipenda kuliko vyote katika mlango huu ni "kuunga". Maharage yaliyotokoswa kwa maji na chumvi ni chakula, lakini hayajaungwa. Yakitiwa kitunguu kilichokaangwa, au tui la nazi, au karanga zilizosagwa, yameungwa: maharage ya kuunga, mboga ya kuunga. Ni kitenzi kilekile cha kuunga mfupa uliovunjika, na cha kuunga kamba iliyokatika. Kwa neno hilo moja lugha inatueleza jambo ambalo mfano wetu wa juu haukuweza kulieleza kwa sentensi kumi na nne, kwamba upishi wa maharage una kazi mbili zilizo mbali, ya kwanza kulainisha na ya pili kuunganisha, na kwamba kazi ya pili haianzi mpaka ya kwanza imekwisha. Anayeunga maharage ambayo hayajaiva atabaki na mchuzi mzuri uliozunguka kokoto. Katika mfano wetu kazi zote mbili zinaitwa "pika".

Kisha kuna "chakula kikuu". Hili ni kosa la fikra zaidi ya kosa la neno. Katika meza za Ulaya, kama zinavyoelezwa vitabuni, kuna kitangulizi, kuna mlo mkuu, kuna kitamutamu cha mwisho. Katika nyumba tunazozijua sisi hakuna mpangilio huo. Kuna chakula, yaani ugali au wali au ndizi au viazi, na kuna kitoweo, yaani kile kinachokifanya chakula kipite kooni. Maharage si chakula kikuu wala si kidogo, ni kitoweo. Kiswahili kinalo neno kamili na tunaliacha, tunakwenda kutafsiri mpangilio wa watu wengine. Mwanafunzi anayeandika "chakula kikuu" amejifunza kuiangalia sahani ya mama yake kwa macho ya mgeni.

Tuje kwenye dakika. Tunayo sababu ya kuzitazama kwa makini, kwa kuwa zina sura ya elimu. "Dakika 40" inaonekana sahihi kuliko "mpaka yaive". Lakini iulizeni, dakika 40 za wapi? Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, kama Mombasa, na kila mtu apandapo mita 300 hivi nyuzi moja hupungua. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ni karibu mita 770 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako ni mita 1,460 na zaidi, huchemka kwenye nyuzi 95. Kuni ziongezwe zisiongezwe, maji ya Bukavu katika sufuria ya kawaida hayatapata moto zaidi ya huo. Basi maharage yaleyale huchelewa kuiva yapandapo mlima. Tena maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima, hasa penye joto na unyevu, huwa sugu na kudai saa juu ya saa. Kitabu kilichochapwa pwani kinamdanganya mpishi wa mlimani bila ya kukusudia. Lakini aliyeandika "mpaka punje ikibonyezwa ipondeke" hamdanganyi mtu popote alipo.

Na jambo hili linakwenda mbali kuliko ladha. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Kuyaroweka, kuyamwaga maji ya kuroweka, na kuyachemsha kwa nguvu katika maji mapya huiondoa. Kuyaacha juu ya moto hafifu usioyafikisha maji kutokota hakuiondoi, na aliyeyala hutapika na kuharisha baada ya saa chache. Sasa neno "pika" linamwambia nini msomaji juu ya ukali wa moto? Halimwambii lolote. "Tokota" linamwambia, kwa sababu maji yanayotokota yanasikika kwa sikio. Mtu asidhani basi kwamba tunapodai kitenzi mahususi tunadai mapambo.

Tuyaandike basi maharage hayo upya, ili uhakiki wetu usiwe wa kubomoa tu:

"Chambua maharage juu ya ungo, uondoe mawe na punje zilizotobolewa na wadudu. Yaroweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uyaoshe maharage, kisha uyateleke kwa maji mapya yanayoyafunika na kuzidi. Moto uwe mkali kwanza. Yakishatokota kwa nguvu muda usiopungua nusu saa, punguza kuni, uyaache yaive polepole, ukiongeza maji ya moto kila yanapokaribia kukauka, mpaka punje ikibonyezwa kwa vidole viwili ipondeke yote, ganda na kiini. Hapo epua. Injika sufuria nyingine, umimine mafuta ya mawese. Yakipata moto tia kitunguu kilichokatwakatwa, ukikaange mpaka kilainike na kuanza kugeuka rangi, lakini kabla hakijaungua. Tia nyanya, ukoroge mpaka zirojeke na mafuta yajitenge juu yake. Sasa mimina maharage pamoja na kiasi cha maji yake, utie chumvi, uache mchuzi utokote taratibu mpaka uwe mzito na chumvi ikolee. Onja, kisha pakua."

Haya si maandishi ya mshairi, na hatudai hivyo. Lakini angalieni yalivyojengwa. Saa imetajwa mahali pamoja tu, pale penye sumu, ambako ni wajibu kutajwa. Kwingineko kazi ya saa inafanywa na "mpaka", na -ki- ya sharti, na "kabla hakija-". Mambo haya matatu ndiyo uti wa mgongo wa maelezo ya upishi katika Kiswahili. "Mpaka" husema kazi itakoma lini. -Ki- husema kazi inayofuata itaanza kwa ishara gani. "Kabla haija-" huonya. Mwalimu anayetaka kufundisha -ki- hana haja ya kutunga sentensi za Juma akija atanikuta. Amwambie mwanafunzi aeleze jinsi ya kukaanga kitunguu.

Kuna wenzetu wanaotetea vipimo. Husema kwamba maelezo bila ya vikombe, gramu na dakika ni ya watu wanaojua kupika tayari, na kwamba kitabu kimeandikwa kwa ajili ya asiyejua. Hoja hii ina uzito na hatutaki kuipuuza. Anayepikia bweni la wanafunzi 300 hawezi kwenda kwa "kiasi". Akikosea kipimo cha unga watoto watalala njaa au debe zima litatupwa. Wala wazee wetu hawakuwa watu wasiopima. Kiswahili kina kibaba, na vibaba vinne ni pishi, na watu walihesabu posho kwa vipimo hivyo muda mrefu kabla ya kilo. (Tusichanganye, kama wafanyavyo baadhi ya wanafunzi, "pishi" la kipimo na "mapishi" ya jikoni.) Kwa hiyo kipimo kiwepo, lakini kikae mahali pake, mwanzoni, kimweleze mtu ni chakula cha watu wangapi, kisha kiwaachie vitenzi nafasi. Tunachokikataa ni kipimo kilichochukua nafasi ya jicho, pua na mkono. Mchukueni anayesonga ugali wa mahindi. Huanza na uji, akauacha uchemke, ndipo akatia unga kidogo kidogo huku akiukandamiza kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria ili mabonge yavunjike. Anajua umeiva kwa kuwa harufu ya unga mbichi imetoweka na donge linaachana na sufuria. Ni gramu gani itakayoeleza harufu? Na unga wa muhogo hukaza upesi kuliko wa mahindi. Mwenye kuhesabu dakika zilezile kwa unga wowote atavunja mwiko.

Muhogo unatuleta kwenye sombe, na hapa uhakiki unaingia mahali pa uchungu. Sombe, isombe, kisamvu: ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa, pengine kwa mawese, pengine kwa karanga, pengine kwa samaki mkavu. Tumesoma maelezo yanayoanza "Chukua majani ya muhogo, yachemshe", bila ya neno "twanga" popote. Mtu wa mjini anayenunua sombe lililokwisha kusagwa sokoni haoni kilichokosekana. Lakini muhogo, majani na mizizi yake, una kitu kiitwacho linamarini, ambacho ndicho chanzo cha sumu ya sianidi. Jani likitwangwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lilelile, na sumu hufunguka na kupaa. Yaliyobaki hutoka kwa mvuke chungu kikiwa wazi. Jani likichemshwa zima kabla ya kutwangwa, moto hukiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake, na linamarini, ambayo haivunjwi kwa urahisi na moto, hubaki ndani. Kwa hiyo "twanga kisha chemsha" na "chemsha kisha twanga" ni vyakula viwili tofauti, ingawa maneno ni yaleyale. Mpangilio wa vitenzi ndio dawa.

Kwa mizizi ya muhogo mchungu habari ni nzito zaidi. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ulioonekana Kwango, kusini-magharibi ya Kongo, ambao wenyeji waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu, mara nyingi mtoto au mwanamke, huamka mzima na ghafla miguu ikakakamaa, na haifunguki tena maisha yake yote. Ugonjwa huo uliwapata watu wengi Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985, nyakati za ukame. Sababu yake haikuwa muhogo wenyewe. Watu hao walikuwa na muhogo mchungu na hawakuwa na kitoweo, na kwa ajili ya njaa walikuwa wameifupisha kazi ya kuutengeneza. Muhogo mchungu humenywa, hurowekwa siku tatu, nne, mpaka ulainike na kuchacha, au huvundikwa mpaka uwe udaga, kisha huanikwa mpaka ukauke, ndipo utwangwe au usagwe. Penye "mpaka" pakiondolewa siku mbili, sumu hubaki katika unga.

Hatusemi kwamba insha mbaya ilimlemaza mtu yeyote. Njaa ndiyo iliyofupisha siku hizo, wala si mwalimu wa lugha. Lakini watoto wa leo wanaohamia mjini hawatwangi na mama zao, na wengi watayapata maarifa haya kwa kuyasoma, kama watayapata. Tukiwazoesha kwamba maelezo ya upishi ni "weka, weka, pika", tunawapa mfuko wenye tundu mahali palepale palipo na kitu cha kubeba. Na watofautishe vizuri "vundika" na "vunda". La kwanza ni kazi ya makusudi yenye mwisho wake. La pili ni kuoza na kunuka. Tumemwona zaidi ya mwanafunzi mmoja akiagiza muhogo "uvunde siku tatu", na alikuwa na maana njema.

Imebaki habari ya majina, ambayo kwa walimu wengi ndiyo habari yenyewe. Mwanafunzi wa Uvira anaandika "sombe", mwalimu anafuta na kuandika "kisamvu". Anaandika "bugali", au akiwa Lubumbashi "bukari", anafutiwa na kuandikiwa "ugali". Yule wa Kampala akiandika "posho" anachekwa kabisa, kwa kuwa posho katika Kiswahili sanifu ni mgawo wa chakula. Hakuna anayesimama kumweleza kwamba ni mgawo huohuo, uliokuwa wa unga wa mahindi, ulioacha jina lake juu ya sahani. Maoni yetu ni kwamba mwalimu atumie hukumu, wala asitumie kalamu tu. "Bugali" na "ugali" ni kitu kimoja, na mtoto afundishwe kwamba atakayesoma gazeti la Dar es Salaam atakutana na ugali. Sombe na kisamvu pia ni kitu kimoja, ingawa kisamvu cha nazi na sombe la mawese havikutani hata kwa harufu. Lakini samaki wanatutega. Ndagala wa Bujumbura na dagaa wa Kigoma ni samaki walewale wa Ziwa Tanganyika. Sambaza wa Ziwa Kivu ni mmoja wa jamii hizo, aliyepelekwa huko kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akapata jina jipya katika maji mapya. Mukene wa Uganda ni samaki mwingine kabisa, wa Ziwa Viktoria. Anayefuta "mukene" na kuandika "dagaa wa Kigoma" hasahihishi lugha, amebadilisha kitoweo. Na wote hao, waliokaushwa juu ya mchanga, wahitaji kuoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu kabla ya kukaangwa, jambo ambalo maelezo ya vitabuni husahau kwa sababu dagaa wa vitabuni hawana mchanga.

Ndizi za Uganda nazo zina malalamiko yao. Huandikwa "chemsha ndizi", na ndizi zilizochemshwa zipo na ni nzuri. Lakini matoke yanayosemwa humenywa, yakafungwa katika majani ya mgomba, yakapikwa kwa mvuke juu ya maji yasiyoyagusa, kisha yakakandwa yakiwa ndani ya majani yaleyale na kurudishwa motoni. Hatujapata kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachoyakusanya yote hayo, wala hatuoni aibu kukisema hivyo. Pale ambapo lugha haina neno, sentensi ndefu iliyo wazi ni bora kuliko neno fupi lenye kudanganya.

Sombe linatuachia swali moja ambalo tungependa wasomaji watuandikie juu yake. Likiingia katika Kiswahili cha darasani, liwe la ngeli gani? Tumesikia "sombe hii imeiva" na tumesikia "sombe hili limeiva", wakati mwingine kwa mtu mmoja na katika mlo mmoja. Katika makala hii tumelifanya la LI-YA, kwa kuwa linapakuliwa kwa wingi wa fungu moja kama vile tui linavyokamuliwa. Lakini wanaoliweka pamoja na "mboga" katika I-ZI wana hoja nao, na mpaka sasa hatujakubaliana.